Udongo Uliotoka kwa Baba Mkubwa

Mke wangu alipozikwa, korongo lilikuwa mbali. Nasema mbali kwa sababu siku ile hakuna mtu aliyelifikiria. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba alazwe pembeni mwa shamba la chini, pale mbaazi zake zilipokuwa zikirefuka kupita kimo cha mtu, na wazee wa ukoo wakaona ni sawa. Vijana walichimba bila kutoka jasho jingi. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, laini, usio na mawe, na mmoja wao alisema, huyu mama alijua kuchagua.

Mvua za msimu mmoja zilipita, na za mwingine, nikaenda kupalilia pale. Nilikuta korongo limekula ua wa katani uliotutenganisha na njia. Katani zilikuwa zinaning'inia ukingoni, mizizi hewani. Kutoka ukingo ule hadi kichwani pake palibaki nafasi ya kulaza ng'ombe wawili, labda na ndama. Nilisimama nikitazama. Kisha kipande cha ukingo, kikubwa kama gunia, kikaanguka chenyewe, bila mvua, bila mtu kukigusa, nikasikia kilivyopiga chini.

Nilikuwa nimemzika mara moja. Sikutaka kuanza kuwaza juu ya mara ya pili.

Kwetu ni mlimani, upande wa Tawa. Siku hizi tunahesabiwa Makueni. Miaka ninayoisimulia, mwanzoni mwa themanini, tulikuwa bado Machakos. Mashamba yetu yameinama. Mke wangu alizaliwa ng'ambo, Kitui, karibu na Tulia, nyumbani ambako ukiangusha kibuyu unakiokota pale pale kilipoangukia. Alipoletwa kwetu akiwa bibi arusi alitazama mteremko, akaniuliza, "Na mtoto akianguka hapa, mnamwokota wapi?"

"Mtoni," nikamwambia.

Alicheka. Lakini wiki ile ile alianza kupanda nyasi kwenye kingo za shamba, nyasi alizotoka nazo kwao zikiwa zimefungwa ndani ya leso.

Mimi sikuwa mkulima. Nilisoma hadi darasa la saba, nikaandikwa kwenye kikosi cha kutengeneza barabara ya Mombasa, koleo mkononi, nikirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Shamba lilikuwa lake. Ninapoandika shamba letu, naandika kwa mazoea tu. Alipougua kifua niliomba ruhusa kazini, na ruhusa ilipokwisha nikaacha kazi, na alipokufa nikabaki na binti zetu wawili na jembe lake.

Korongo lile halikuchimbwa na mvua peke yake. Lilianza likiwa njia. Watu wa juu, waliotoka barabarani na kanisani, walikuwa wakishuka moja kwa moja hadi mtoni kuteka maji, na ng'ombe wakashuka nyuma yao, maana mwenye kiu hazunguki. Nyayo zikaitifua ardhi, kwato zikaivunja, mvua ikakuta mfereji tayari ikaufuata. Njia ikawa na kina cha kifundo cha mguu, kisha cha goti. Ilipoanza kusumbua, watu walisogea kando kidogo wakakanyaga njia nyingine, nayo ikageuka vile vile. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukiliruka korongo kwa mchezo. Binti zangu hawakuweza kuliruka. Kuna ng'ombe wa jirani aliyeanguka humo akavunjika mguu, akachinjwa humo humo kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kumtoa.

Huku kwetu kuna mwethya. Anayetujua hahitaji kuelezwa, lakini kwa asiyetujua, mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu, na kila nyumba hutoa mtu. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba hupika. Zamani ilikuwa kazi ya wanaume kwa wanawake, lakini wakati wangu wanaume wengi tulikuwa Nairobi, au Mombasa, au barabarani kati ya miji hiyo miwili, kwa hiyo mwethya ulikuwa umebaki mikononi mwa wanawake. Mke wangu alikuwa mmoja wao. Sasa nyumba yetu haikuwa na mtu wa kutoa, na binti zangu walikuwa shuleni. Siku ya kikundi ilipofika nilichukua jembe lake nikaenda mwenyewe.

Waliponiona ninakuja, waliacha kuimba.

"Shemeji, umepotea njia?" akauliza mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde.

"Nimekuja kazini."

"Kwa niaba ya nani?"

"Ya nyumba yangu."

Walitazamana. Mmoja wao, mama kijana aliyeolewa jirani na kwetu, akasema, "Sisi sare yetu ni leso kiunoni. Huyu atafunga?"

"Atafunga," akasema mwingine, "na mtoto mgongoni tutampa."

Walicheka sana. Nami nilitabasamu, kitu ambacho sikuwa nimefanya kwa muda, nikachukua mahali mwisho wa mstari. Koleo nilikuwa nimelishika miaka mingi, lakini jembe lina mwendo wake, na mpini wa lile ulikuwa umelika kwa kiganja kidogo kuliko changu.

"Hilo jembe halikujui," akaniambia yule mama kijana bila kuinua kichwa. "Litakujua polepole. Usilikabe."

Hakuna aliyemtaja marehemu siku ile, na niliwashukuru kwa hilo moyoni. Mchana tulipakuliwa isyo, mahindi na maharagwe, na hakuna aliyeniletea kiti kwa sababu ya uanaume wangu. Nilikaa chini na sahani yangu kama wao. Hapo nikajua nimekubaliwa.

Zamu yangu ilipofika niliwaambia sihitaji kulimiwa wala kupaliliwa. Niliwapeleka korongoni. Mwenyekiti alitembea hadi kaburini, akageuka akautazama ukingo, kisha akanitazama mimi.

"Mbona hukusema mapema?"

"Zamu yangu ilikuwa haijafika."

"Wewe nawe," akasema.

Tulifanya kazi siku nzima. Tulisomba mawe, tukakata vichaka vya miiba, tukashindilia mdomo wa korongo mpaka ukafanana na ukuta. Jioni niliuangalia nikaridhika, nikalala vizuri. Haikuchukua muda. Ilipiga mvua moja tu ya kuchelewa msimu, wala haikuwa kubwa, na kesho yake tulikuta ukuta wetu haupo. Mawe mengine tuliyakuta mtoni. Na ukingo ulikuwa umesogea. Ndama hangepata tena pa kulala.

Bwana shamba alikuja siku hizo, kijana aliyekuwa akizunguka vijijini na pikipiki ya serikali. Alisimama kando ya korongo, lakini badala ya kutazama chini kama sisi, alitazama juu.

"Maji haya yanaanzia shamba la nani?"

Hakuna aliyejibu. Mwisho nikasema, "La baba mkubwa."

"Basi hapa chini mnajichosha. Maji yakishafika hapa yana nguvu ya kubeba nyumba. Yazuieni yakiwa bado madogo." Akaeleza kwamba shamba la juu lichimbwe mitaro ya kukingama mteremko, udongo utupwe upande wa juu ili uwe tuta, ile wanayoita fanya juu, na njia ihamishwe isishuke tena moja kwa moja. Na akasema ifanywe kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, kwa sababu kwa jinsi alivyouona ukingo ule, msimu mmoja ungetosha kulimaliza kaburi.

Alisema hivyo hivyo, mbele ya kila mtu. Sikumlaumu. Hakuwa amemjua.

Lakini jambo la maji ya juu halikuwa geni kwetu. Kila mtu alilijua. Tulikuwa tumenyamaza kwa sababu ya baba mkubwa.

Baba mkubwa alikuwa kaka yake baba yangu, na shamba lake lilikuwa juu ya letu, limeegemea barabara. Kabla ya uhuru, mlima wetu wote ulichimbwa mitaro. Watu hawakuombwa. Waliitwa kwa filimbi, wakasimamiwa na askari wa chifu mwenye kofia na kiboko, na aliyekosa kufika alichukuliwa mbuzi. Baba mkubwa alichimba akiwa na homa. Mama yake, yaani nyanya yangu, alichimba akiwa mzee wa kutembea na fimbo. Uhuru ulipokuja, watu walifurahi kila mmoja kwa namna yake, na baba mkubwa alifurahi kwa kufunga ng'ombe kwenye plau na kulima mitaro yote, kutoka juu hadi chini, mpaka shamba likawa laini kama ngozi iliyowambwa. Si yeye peke yake. Baba yangu alifanya hivyo, na majirani, wakiimba. Nilikuwa mvulana, nilitembea nyuma ya plau nikiona matuta yanavyolala. Tulifikiri tunamfukuza mzungu. Kwa miaka kadhaa mavuno hayakubadilika, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kuliona kosa. Lilikuja polepole, kwa ukubwa wa kijiko kila mvua.

Nilikwenda kwake na mwenyekiti. Tulimkuta uani anasuka kamba ya kufungia mbuzi. Alitukaribisha vizuri, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mitaro."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Mimi mitaro yangu yote nilishachimba. Niliyopangiwa na Mungu na niliyopangiwa na chifu. Imekwisha."

"Utachimbiwa na sisi, mzee," akasema mwenyekiti. "Wewe utakaa tu hapo."

"Nikae na filimbi?"

Mwenyekiti akainamisha macho kwenye ile kamba ya mbuzi.

"Nawapenda," akasema baba mkubwa. "Kunyweni uji. Lakini shambani kwangu hapachimbwi mitaro nikiwa hai."

Tulikunywa uji. Tukiwa njiani mwenyekiti aliniambia tuzungumze na wazee wa kanisa wamshurutishe, au chifu. Nilikataa. Neno kushurutisha ndilo lililotufikisha pale tulipokuwa.

Nilirudi peke yangu baada ya kanisa, Jumapili. Sikuwa na maneno mapya. Nilimwomba tu ashuke nami akaone. Alikuwa hajafika pale tangu maziko. Alitembea polepole, akishika katani zilizosalia, tukasimama kaburini, mimi upande wa miguu, yeye upande wa kichwa. Aliutazama ukingo. Akainama akachota udongo wa pale pembeni, akausugua kati ya vidole, akaunusa.

"Huu ni wangu," akasema.

Sikuelewa.

"Udongo huu. Hapa hapakuwa na udongo kama huu. Mimi na baba yako tulichunga hapa, palikuwa changarawe tupu, hata mbuzi hapendi kulala. Huu ulitoka kwangu juu. Ndiyo maana mbaazi za mkeo zilikuwa zinatuchekelea." Aliumwaga akajipangusa mkono kwenye suruali. "Alikuwa analima shamba langu bila kunijulisha."

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wa kwetu huwa na mfupa ndani. Nilifikiri kidogo. Mimi si mtu wa maneno, na nilichojibu nilikijibu kwa sababu kilikuwa kweli, si kwa ujanja.

"Basi hata sasa yumo katika udongo wako, baba mkubwa."

Kunguru walikuwa wanapigana kwenye mgunga wa ng'ambo, tukawasikiliza muda mrefu.

"Na udongo ukienda mtoni," akasema, "utaenda naye."

"Ndiyo."

"Kumbe umenileta hapa kunishtaki."

"Sikukuleta kukushtaki. Nimekosa namna."

Akaondoka bila kuaga. Nilidhani nimeharibu. Lakini alipofika juu ya mteremko aligeuka akaita, na sauti yake ilikuwa bado nzuri:

"Mwambie yule mama mwenye domo aje kesho. Na asiletwe mtu wa kofia kusimama juu ya watu. Anayekuja aje na jembe."

Hilo ndilo lilikuwa sharti lake, na hakulegeza hata kidogo. Siku ya kwanza ya kazi wanawake walikuja wote, hata wale ambao zamu zao zilikuwa bado, na bwana shamba akaja na fimbo zake mbili, kamba, na kile kipimo kidogo chenye kiputo cha hewa ndani, cha kujua mtaro umelala sawa. Alikuwa amevaa kofia ya kazi. Baba mkubwa alimsimamisha kwenye lango.

"Wewe nani?"

"Bwana shamba, mzee."

"Shamba hili bwana wake ni mimi. Jembe lako liko wapi?"

Kijana alitutazama sisi. Hakuna aliyemsaidia. Akavua kofia akaiweka kwenye usukani wa pikipiki, akasema hakuja na jembe, na mama kijana akamkabidhi lake akachukua sururu. Alipima asubuhi na kuchimba mchana. Kufikia saa nane viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, na mwenyekiti akamfunga kwa kipande cha leso akimwambia, "Pole, mwanangu. Serikali yote ingefungwa hivi tungekuwa mbali." Alicheka naye. Alikuwa mtoto mwema. Alirudi kila siku ya kikundi, na sikumbuki tena kumwona na ile kofia.

Baba mkubwa hakugusa jembe. Alikuwa amesema hatagusa na hakugusa. Alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, akitazama wanawake wakiukata mteremko mstari baada ya mstari, wakitupa udongo juu, wakiimba nyimbo walizotunga wenyewe, nyingine za kumcheka yeye. Katika mmoja walimwita fahali mzee asiyetaka kufungwa nira. Aliupenda huo. Aliomba urudiwe.

Kuna siku nilikaa kando yake kupumzika, akaniambia bila kunitazama, "Ni kazi ile ile. Hata upana ni ule ule."

"Ndiyo."

"Wale tuliochimba nao zamani hawakuimba. Waliambiwa waimbe, wakaimba, lakini hawakuimba."

Kuhusu njia, mwenyekiti alitangaza kanisani. Kuanzia siku ile njia ya kwenda mtoni ingezunguka kupitia ukingo wa shamba la baba mkubwa, ikafuata mtaro wa tatu, ikapita upande wa juu wa kaburi na kushuka kwa mzingo upande ule wa mawe. Watu walinung'unika. Ilikuwa ndefu. Mzee mmoja wa kanisa alisema babu zake walishuka pale moja kwa moja, na mwenyekiti akamjibu kwamba babu zake walikuwa wachache na hawakuwa na ng'ombe wote wale anaofuga yeye. Tuliziba njia ya zamani kwa miiba. Asubuhi tulikuta miiba imesogezwa. Tukaziba tena, tukapanda katani katikati, na binti yangu mkubwa akawa anasimama pale asubuhi kabla ya shule akiwaamkia watu kwa heshima na kuwaonyesha njia mpya kwa mkono. Ni vigumu kumpita mtoto aliyefiwa na mama, akiwa anakuamkia. Ng'ombe ndio walituchelewesha. Mtu unaweza kumweleza. Ng'ombe anaijua njia ya mamaye. Ilibidi wachungwe kwa kamba kwa majuma mengi mpaka wakasahau.

Korongoni tulirudisha mawe, safari hii ngazi kwa ngazi kutoka juu kwenda chini, kila ngazi fupi. Kati yake tulipanda zile nyasi za Tulia, nilizozing'oa kwenye kingo alikozipanda mwenyewe. Zilikuwa zimeenea kiasi kwamba sikuona pengo nilipotoa.

Mvua ilikuja adhuhuri. Wakamba tunaisubiri mvua ile kama watu wengine wanavyosubiri mshahara, lakini mwaka ule niliiogopa. Ilianza na upepo uliobeba vumbi, kisha matone mazito, kisha mlima ukapotea. Nilichukua jembe nikashuka kaburini. Sijui nilifikiri jembe moja lingefanya nini. Nilisimama kati ya kaburi na korongo nikiwa nimelowa mpaka mifupani, nikisubiri ile sauti ninayoijua, ya maji yakija kutoka juu yakigonganisha mawe.

Haikuja. Yalikuja maji, sitasema hayakuja. Yalikuwa ya rangi ya chai, yakashuka ngazi zetu moja baada ya nyingine, yakitua kila mahali kama mtu mzima anayeshuka kwa tahadhari. Ngazi moja ya chini ilivunjika. Kipande kidogo cha ukingo kilianguka, nikashtuka, na baada yake hakikuanguka kingine. Nilingoja mpaka mvua ikapungua. Kisha nikapanda juu.

Baba mkubwa alikuwa amesimama shambani, gunia kichwani, miguu mitupu. Mitaro yote ilikuwa imejaa, maji yamekaa ndani yake yametulia, na kwenye mtaro wa juu tuta lilikuwa limepasuka mahali na maji yalikuwa yanatoroka.

"Yamekaa," akaniambia.

"Yamekaa, baba mkubwa."

"Lete hilo jembe."

Nilimpa. Akashuka mtaroni, akaanza kuziba pale palipopasuka, akichota tope na kulipiga kwa nyuma ya jembe mpaka likashika. Nilitaka kumpokea, akanisukuma kwa kiwiko. Sikumkumbusha alichosema. Wala yeye hakuwahi kulitaja, na wanawake walipomwuliza nani aliziba tuta lile, alisema hajui.

Ilichukua miaka. Sitaki kumfanya mtu afikiri mlima hupona kwa mvua moja. Kulikuwa na msimu wa ukame ambapo nyasi zilikauka tukadhani zimekufa, na ngazi tulizozijenga upya mara nyingi. Lakini kila mvua iliacha matope kidogo nyuma ya mawe, na matope yakaota, na ukingo, badala ya kusimama kama ukuta uliokatwa kwa panga, ukaanza kulala. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilipanda migomba ndani ya korongo, chini kabisa, mahali ambapo zamani ng'ombe alichinjwa. Ilikubali. Mama kijana, ambaye hakuwa kijana tena, alikuja kuomba miche, na wengine wakaiga. Baba mkubwa alivuna mahindi mwaka ambao upande wa pili wa mlima hawakuvuna, akaacha kulalamika juu ya wanawake wanaopita shambani kwake, isipokuwa alipokuwa na wageni.

Hapo ndipo nilipojengea kaburi saruji. Binti zangu walikuwa wameniuliza mara nyingi kwa nini la mama yao limebaki udongo mtupu, wakati ya wengine yana saruji na msalaba wa chuma. Sikuwajibu. Sikutaka kujenga kitu kizito mahali ambapo sikuwa na hakika ya kesho, na sikutaka wao wajue kwamba nimekuwa nikihesabu hivyo. Siku nilipowaambia twende mtoni tukachote mchanga, yule mkubwa, ambaye sasa alikuwa mwalimu, alinitazama kitambo, kisha akaenda kutafuta karai.

Mchanga wa mto wetu ni mzuri kwa ujenzi, malori hutoka mbali kuuchukua, na mimi niliyefanya kazi ya barabara najua mchanga. Lakini siku ile tu ndipo nilipouangalia mkononi nikaona ni mlima wetu, ule uliotangulia kushuka, umeoshwa. Tulijaza magunia, tukampakia punda wa jirani, tukaanza kupanda. Tulifuata njia mpya, ambayo watoto wa siku zile hawakujua kwamba iliwahi kuwa mpya. Gunia moja lilikuwa na tundu na mchanga ukawa unavuja kidogo kidogo nyuma yetu. Binti yangu mdogo alitembea mwisho, akiinama kila hatua chache, akiukusanya kwa mikono miwili na kuurudisha ndani ya karai.